Shimo la Mama Amuge

Burumba, Busia
Alhamisi, baada ya alasiri

Kwako Baba,

Salamu zangu zikukute umekaa hapo barazani Voi, umelinyoosha goti lako lililogongwa na taruma la reli, na Mama anakugombeza kwa sababu umekataa kuchuliwa. Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyoleta Shangazi Mwaka mmeitumia, au mmeifungia kabatini kama kila kitu kizuri kinachoingia nyumba hiyo? Bibi bado anaona kidogo kwa jicho la kulia? Na yule mbuzi mweusi, alizaa salama? Mimi mwili wangu hauna neno, alhamdulillahi. Malaria ilinitembelea mwezi uliopita ikaondoka. Iliyobaki ni hasira, na hiyo sitaki ipoe kabla sijamaliza barua hii.

Athumani, ndugu yangu, najua ni wewe unayemsomea Baba. Soma neno kwa neno. Usiruke mahali na usipunguze makali, maana nikija nitamuuliza Mama ulisoma nini.

Baba, barua yako nimeipata. Umesema nitie saini. Umesema bosi wangu ni mtu mzima, amesoma ng'ambo, ana watoto wa kulea kama wewe, na mimi msichana nisianze kushindana na wakubwa kazini. Ukamaliza kwa kuniambia kwamba nisipotia saini, Athumani atapanda treni aje anichukue. Nilikaa na karatasi mkononi nikajiuliza, Baba amejuaje habari za saini na mimi sijamwandikia? Juzi ndiyo nimejua. Injinia amekuandikia yeye mwenyewe! Amenunua stempu, akakaa kitako, akamwandikia baba wa mfanyakazi wake. Hebu niambie, Mutua, fundi wetu wa kuchimba, akikataa neno, Injinia humwandikia babake kule Kitui? Thubutu! Hufokeana naye uso kwa uso, wakimaliza wanakunywa chai. Mimi nashtakiwa kwa baba kama mtoto aliyedokoa sukari.

Basi umesikia upande wake. Sasa sikia wangu, halafu uamue kama binti yako amepotoka.

Unajua tulikuja huku kupima ardhi. Upande wa Moding, si mbali na Malaba, wanataka kujenga ghala la nafaka, mapipa makubwa ya zege yaliyosimama kwa safu, kila moja refu kuliko tangi la maji la stesheni yetu. Malaba ina kelele Baba, malori yamepanga foleni mpaka dereva anafua nguo na kuianika kwenye kioo cha mbele, na watu wa ng'ambo ya mpaka wanavuka kutafuta chumvi na sabuni kama wanatafuta dhahabu. Ndiyo maana ghala linatakiwa haraka. Lakini kabla ya kumwaga zege, lazima mtu ajue chini kuna udongo gani na maji yamelala wapi. Mtu huyo ni mimi. Ndiyo kazi uliyonisomesha, ukauza ng'ombe kwa ajili yake na majirani wakakucheka.

Tunachimba kwa mtambo wa miguu mitatu. Winchi inapandisha chuma kizito, inakiachia, du! Kinapanda tena, du! Kila kinapotoka na udongo naupokea mimi, nauangalia, naupaka nta usikauke, naandika umetoka wapi. Amri ya Injinia ilikuwa kwamba kila shimo lishuke hadi kwenye murram ngumu, ule udongo mwekundu wa changarawe. Chuma kikianza kudunda badala ya kuingia, tumefika, tuhamie shimo lingine. Murram ile, alisema, ndiyo itakayobeba ghala.

Shimo la nne tuliliweka kando ya kichuguu. Ala, mimi ndiye niliyepachagua! Palikuwa juu kidogo, pakavu, na Landrova inafika bila kukwama. Usiku wa kuamkia siku hiyo yalipita manyunyu, yale ya kudanganya kabla ya masika. Tukaanza, du, du, du. Kabla ya saa sita chuma kikadunda. Murram. Mutua akafunga winchi, akageuka kutafuta maji ya kunywa, akapiga ukelele. Kichuguu kilikuwa kinatoa kumbikumbi kama chungu kinachofurika. Vijana wote wakavua mashati wakayatandaza, wakakusanya, wakawasha moto, wakakaanga kwa chumvi wakala. Mimi sikula, unanijua. Lakini nilikaa nao nikacheka, na sikumkataza mtu.

Ndipo akaja Mama Amuge na ungo wake kichwani.

Huyu ni mjane wa Kiteso, mkulima, nyumba yake iko ng'ambo ya njia. Shamba lile lilikuwa lake kabla mradi haujalinunua. Alitazama mabawa yaliyotapakaa chini, akatazama kikaangio, akauliza, "Nani mkubwa hapa?"

Wanaume wazima wote, Baba, wakaninyooshea mimi vidole.

"Wewe mtoto, nani alikuambia upige hii kichuguu?"

"Mama, sisi tunapima ardhi tu. Si ardhi imenunuliwa?"

"Ardhi mlinunua. Kichuguu mlinunua lini?"

Vibarua wetu wa Kiteso, waliokula kuliko wote, walikuwa wameinamisha vichwa. Walijua vizuri, ila njaa ya kumbikumbi iliwashinda. Baadaye ndio wakanieleza. Huku kichuguu kina mwenyewe. Mama Amuge alikipata kwa mama mkwe wake, naye kwa wa kwake. Unaweza kuuza shamba, kichuguu kikabaki chako, na mtu mwingine hakigusi. Na kumbikumbi hutolewa kwa kupiga ardhi kwa vijiti, mfululizo, mpaka wadhani mvua imefika. Sasa sisi tulikuwa tumewapigia kwa chuma cha mtambo tangu asubuhi! Kwa macho ya watu wa pale, tulikuwa tumeingia jikoni kwa mjane tukapakua chungu chake.

Nikamwomba radhi. Akasema radhi haikaangwi. "Mlikula yangu, sasa mtanipigia yangu."

Mutua akanitazama. Nikamwambia pandisha chuma. Ndiyo, Baba, mimi nilitoa amri hiyo, na nilikwisha kumwambia Injinia kuwa ni yangu. Tulikuwa na deni la kibinadamu na saa ya chakula ilikuwa haijaisha. Mama Amuge akakaa chini, akaweka ungo mapajani, akawa anampigia Mutua makofi ya mwendo. "Polepole! Mvua haina haraka hivyo!" Chuma kikadunda juu ya murram, kikadunda, kikadunda. Kumbikumbi wakaanza kutoka tena, mama akaanza kucheka, hata mimi nikasahau kazi.

Halafu chuma kikaenda. Kilikuwa kinadunda, mara kikazama kama kisu kwenye ugali, kamba ikakimbia kwenye winchi, Mutua akarukia breki akitaja mama yake. Tulipokivuta kikatoka na udongo wa kijivu, laini, unaobonyea kwa kidole gumba, una madoa ya rangi ya kutu. Murram ile waliyosema itabeba ghala ilikuwa utandu wa ugali tu, Baba. Chini yake ni uji.

Na hayo madoa ya kutu, ndiyo hasa niliyosomea. Udongo unaopata madoa hayo ni udongo unaolowa na kukauka, unalowa na kukauka, miaka nenda miaka rudi. Maana yake maji hupanda mpaka pale, hata kama siku hiyo shimo ni kavu. Nikamuuliza Mama Amuge mbona katika shamba lote lile zuri hakuna hata alama ya nyumba ya zamani. Akanishangaa. "Nyumba hapa? Masika ng'ombe inazama mpaka tumbo. Sisi tunalima hapa, hatulali hapa."

Nikatumbukiza bomba lenye vitundu ndani ya shimo, nikajaza mchanga pembeni, nikaliacha kichwa kikichungulia juu, ili masika yakifika tupime maji yamepanda hadi wapi. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Jioni nikampelekea Injinia udongo mezani kwake Busia.

Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu najua alivyokuandikia. Mimi sikumfundisha kazi, wala hakuwa na haja ya kufundishwa. Aliubonyeza udongo, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Najua madoa haya ni nini, Rehema."

"Basi tusubiri masika tupime tena, au wabadilishe msingi."

"Wajenzi wako njiani. Ripoti inatakiwa kabla ya masika. Tena hilo shimo lenu mpango ulisema liishie kwenye murram. Yaliyo chini yake hayahesabiki."

"Lakini yapo."

"Hilo si shimo letu. Hilo ni shimo la mchwa."

Ndivyo alivyosema, mbele ya Mutua, ambaye kesho yake alimsimulia Mama Amuge, na alijicheka mwenyewe kidogo. Akaandaa ripoti. Shimo la nne, murram ngumu, kavu, mwisho. Mahali pa saini ya aliyesimamia shimo pakabaki wazi, pananisubiri mimi, kwa sababu niliyesimama pale ni mimi na yeye hataki kusema uongo kwa mkono wake mwenyewe. Nikakataa. Akanibembeleza. Nikakataa. Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti nitapelekwa masomo. Nikakataa. Ndipo akakumbuka kwamba nina baba.

Sasa masika yamefika Baba, wiki iliyopita, na yamekuja na nguvu. Injinia akaona bomba litamletea maneno. Akatuma vibarua walewale wakaling'oe. Walipofika, Mama Amuge alikuwa amekaa kando ya kichuguu amejifunika gunia, anamenya mihogo kwenye mvua. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

"Mnatafuta nini?"

"Bosi anataka bomba yake, mama."

"Bomba ya nani? Huyo bosi si alisema hii si shimo yake? Alisema ni ya mchwa. Mchwa ni ya nani?"

Mmoja akacheka, akajizuia. Yule mkubwa wao akaweka sepetu chini, akaniambia mimi, "Dada, mwambie bosi hiyo iko kwa kichuguu ya mama. Mimi siguzi. Sitaki maneno na hawa watu." Hawa watu wenyewe ni shangazi zake! Wakarudi kwenye gari wote, na bomba likabaki.

Juzi Jumanne Injinia akaja mwenyewe. Amevaa viatu vyake vizuri vya ofisini, tope limemfika vifundoni. Nilitoa kamba yangu yenye nati nzito mwishoni, nikaishusha ndani ya bomba. Haikwenda mbali. Ilisema tubwi, hapo hapo, karibu na mkono wangu. Nikampa kamba akashusha mwenyewe. Tubwi. Akashusha tena, nadhani alitaka nati iseme kitu kingine.

Akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "Siku tuliyochimba palikuwa pakavu. Ripoti inasema pakavu siku hiyo. Si uongo."

Nikamwambia, "Si uongo, bosi. Ni nusu. Na juu ya nusu hiyo mnataka kusimamisha zege, na chini ya zege vijana wa Moding wapange magunia. Nusu ya pili ikija usiku wa masika, utawaandikia baba zao pia?"

Hapo ndipo aliponitajia kwamba ameshakuandikia. Aligeuka kwanza, akatazama Landrova, ndipo akasema. Akaongeza, "Ijumaa saa nne. Saini, au funga mizigo." Mama Amuge hakuuliza tunasema nini, lakini alimpa muhogo wa kuchemsha, naye akaupokea akaula akiwa amesimama. Simchukii, Baba. Nilipougua malaria yeye ndiye aliyenipeleka hospitali ya Kocholia kwa gari lake, akaketi mpaka nikahudumiwa. Ni mtu mwema mwenye haraka, na haraka yake ina saini nyingine juu yake inayomsukuma. Lakini sitamkopesha jina langu.

Ijumaa ni kesho.

Sasa nisikilize mimi, si mfanyakazi wa mtu, mwanao. Unaniandikia nisishindane na wakubwa. Wewe? Nani alikaa juu ya reli? Ulidhani hatujui? Mama alitusimulia zamani, usimkasirikie. Mwaka ule wa mvua kubwa, tuta la reli lilikuwa zima kwa juu, nyasi zimeota vizuri, na wewe nyapara wa genge ukasema ndani limelika. Mkaguzi akakuita mpumbavu, akaamuru treni ya mizigo ipite. Ukasimamisha bendera nyekundu. Akakunyang'anya bendera. Ukakaa juu ya reli na makalio yako, Baba, mbele ya genge zima, ukawaambia waje wakunyanyue. Walikukata cheo kwa muda, tukala mihogo bila kitoweo, na Mama anasema hakuwahi kukuona ukilala usingizi mzito kama miezi ile. Halafu leo unanituma nitie saini! Umezeeka, au umeogopa kwa sababu mimi ni msichana? Kama ni uzee nitakuheshimu. Kama ni hilo la pili, niwie radhi, wallahi sikubali.

Kwa hiyo usinunue tiketi ya Athumani. Athumani, umesikia? Soma tena hapo. Ukija utalala stesheni, kwa sababu mimi sipandi treni hiyo. Wakinifukuza kesho sitakosa pa kulala. Bi Hadija, mwenye nyumba yangu hapa Burumba, mama wa Kinubi mwenye duka la vitambaa, amesema nikae, nimfundishe mwanawe hesabu, na kodi tutazungumza mambo yakitulia. Alipiga meza aliposema hivyo, mpaka vikombe vikaruka. Mama Amuge naye ameniambia nyumba yake ina kitanda, na kwamba mtu aliyemlipa kumbikumbi wake hawezi kulala nje. Nitakuwa nakwenda kichuguuni na kamba yangu kila baada ya siku chache mpaka masika yaishe, niwe na kazi au nisiwe nayo. Nikimaliza nitawaandikia walio juu ya Injinia, kwa jina langu kamili, niwaambie maji yalifika wapi na murram ina unene gani. Wakizitupa barua zangu kapuni, watakuwa wamezitupa wakijua.

Na kama kuna mtu lazima aje kunichukua, njoo wewe. Reli ni ile ile uliyoikalia, inakuja mpaka Malaba. Njoo na gambuti. Nitakupeleka Moding, usimame kando ya kichuguu, ushushe nati kwa mkono wako mwenyewe. Ukishasikia inavyosema, halafu bado ukanitazama usoni ukaniambia, Rehema, tia saini, nitafunga mizigo siku hiyo hiyo. Lakini nakujua. Utakaa chini.

Nisalimie Mama, mwambie asante kwa kutosema siri zote, na kwamba khanga aliyonipa ndiyo naifunga kichwani mvua ikinyesha. Nisalimie Bibi, mbusu mkono kwa niaba yangu. Shangazi Mwaka aliyenitabiria ndoa mwaka huu mwambie bado nasubiri, na aendelee kuomba. Mke wa Athumani nimesikia ni mjamzito, Mungu amjalie ajifungue salama, na mtoto akiwa msichana msimfundishe kunyamaza. Mzee Kombo wa genge, aliyekuwa akikushikia taa, kama bado anapita hapo jioni, mpe salamu zangu za pekee na umuulize bendera ile iliishia wapi.

Karatasi imekwisha na Bi Hadija ananiita nile. Kesho saa nne nitaingia ofisini nikiwa nimeoga na nimekula, niseme hapana, nitoke. Hebu tazama mwandiko wangu ulivyonyooka. Jina wanalolitaka chini ya ripoti yao, hawalipati. Naliandika hapa, lote, chini ya maneno ambayo ni kweli kuanzia juu hadi mwisho.

Rehema binti Hamisi Mwakio